Wakubwa Wamefika, Tokeni

Kaka Deo,

Rukia, yule wa ofisini kwako, amepiga simu kutoka Nachingwea mjini. Amepata bodaboda ya kumleta huku Kilimarondo, na barabara ikimkubali atafika jua likiwa bado juu. Akifika atapanda kwenye ile nguzo yako, atafungua kisanduku, ataitoa sauti yako aweke nyingine. Nimemwita mimi. Nimeona habari hii uisikie kwangu, usiisikie kwa watu. Ndiyo maana nimekaa barazani na penseli ya Stela, naandika mbiombio, na Mama yuko ndani amelala usingizi wa mchana. Hajui kitu. Nikisikia kitanda kinalia, karatasi inaingia chini ya ungo.

Usikasirike kwanza. Nisikilize mpaka mwisho.

Tulipokuzika kwetu Nambilanje, Mama alikataa kubaki kwenye ile nyumba. Upepo ukisukuma mlango anainuka, anadhani ni wewe unaingia na begi lako la kompyuta. Chakula akawa anakipakua, anakitazama, anakifunika. Nikamwambia Mama, twende kwangu, kule kuna Stela, atakusumbua mpaka utakula tu. Akaja na godoro, kuku wawili, na picha yako ya mahafali ameifunga ndani ya kanga. Na kweli, Kaka, akaanza kula. Stela anajifanya hawezi kunywa uji mpaka bibi aonje kwanza. Bibi anaonja, anaonja tena, bakuli linaisha. Nikapumua.

Nilichosahau ni kwamba huku bado unaongea.

Sisi tumezoea. Ulikuja likizo, ukachimba shimo la nguzo na Baba Stela, ukafunga sola, kamera na spika pale nyumba zetu zinapopakana na mashamba. Ukatuambia kamera ikiwaona wanatoka porini, kisanduku kitaita kwa sauti yako. Msimu wa mavuno hatuwataji kwa jina lao, tunasema wakubwa, maana watu wa hapa wanaamini ukiwataja wanadhani wamealikwa. Nawataja kwenye karatasi tu, kwa kuwa penseli haina sauti: tembo. Basi ukaingiza maneno matatu, "Wakubwa wamefika, tokeni," halafu ukayarudia kwa Kimwera, lugha ya jikoni kwetu.

Jioni ya kwanza tuliporudi kutoka mazikoni kwako, ukaita. Mimi na Baba Stela tulisimama njiani, kisha tukafanya ulichosema. Majirani pia. Mtu anatoka shambani anakimbia, na huku anajifuta machozi. Ikawa hivyo kila walipokuja, tukazoea. Wewe umekufa na unatulinda, tukaona ni sawa.

Mama hakuwa amezoea. Hajawahi kuishi huku, kisanduku alikuwa anakisikia kwenye hadithi tu.

Jioni ile nilikuwa jikoni nasonga ugali. Mama na Stela wako kwenye mkeka uani wanapukuchua mahindi. Jua limeshazama lakini bado unamwona mtu. Ukaita. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria, nikamnyakua Stela, nikamwingiza ndani, nikageuka nimshike Mama mkono. Mkeka ulikuwa mtupu.

Alikuwa ameshafika kwenye njia ya shambani. Miguu yake unaijua, kwenda kisimani tu anapumzika njiani. Siku ile alikuwa anatembea kama msichana. Na anaitika. Kwa Kimwera anasema nimesikia mwanangu, nakuja, usiondoke, nakuja. Nikamwita, akanipungia mkono kwa nyuma kama anafukuza nzi. Mbele yake, pale mahindi yanapoishia, alikuwepo jike na mtoto wake. Jike ametanua masikio.

Sikuweza kupiga kelele, Kaka. Jike mwenye mtoto ukimpigia kelele anakufuata. Nikabaki nimeshika nguzo ya jiko. Na wewe unaita tu. Kila ukiita, Mama anaongeza mwendo.

Baba Stela ndiye aliyemuwahi. Alikuwa ameteremka kwenye dungu, kile kibanda chake cha juu cha kulindia mahindi, anakimbilia nyumbani kama ulivyomfundisha, wakakutana njiani uso kwa uso. Sasa fikiria. Mkwe wake. Mtu ambaye akipita yeye anasimama pembeni anainamisha kichwa, hata sahani hampokezi mkononi. Alimbeba begani kama gunia la ufuta. Mama anampiga ngumi za mgongo, anasema niache, mwanangu ananiita nje. Tukafunga mlango, tukakaa tunasikiliza mahindi yanavunjwa. Mama anatetemeka. Nilidhani ni hofu. Ilikuwa hasira.

Mpaka leo hawatazamani. Huyu akiingia, yule anageukia ukuta. Baba Stela ananiambia, "Mama Stela, nimemshika mkwe miguu. Kwetu nitasema nini?" Nikamwambia, sema yuko hai.

Nimelifikiria sana lile neno. Tokeni. Wewe ulimaanisha tokeni shambani. Lakini mtu aliye ndani ya nyumba ukimwambia atoke, atakwenda wapi kama siyo nje? Siku unarekodi nilikuuliza kwa nini usiseme tokeni shambani, ukanijibu, "Skola, kisanduku hiki kina tumbo dogo. Kila neno linakula nafasi." Ukalikata. Ulikuwa umeshazoea kukata. Hiyo ndiyo kazi iliyokulea.

Ulianza na redio ya Baba. Uliifungua ukaifunga, zikabaki skrubu mkononi, redio ikaendelea kuongea, ukamwambia Baba hizi zilikuwa hazina kazi. Ukapigwa, na ukawa umesema kweli. Halafu shule ya ufundi, halafu chuo Dar, halafu ukaajiriwa kuandika programu za ndani ya ving'amuzi. Nilikuuliza programu inaingiaje kwenye kopo kama lile, ukaniambia mle ndani kuna kompyuta ndogo, imefungiwa, haina kioo wala vitufe, mtu anaitumia miaka na hajui kama ipo. Krismasi ukija, tukienda kusalimia watu Nachingwea, ukiona king'amuzi juu ya kabati ulikuwa unakigusa kichwani kama mtoto. "Huyu namjua." Mwenye nyumba anakutazama, mimi naona aibu.

Baadaye ukahamia kwenye video za kwenye simu. Ukanieleza kwamba picha inakatwa vipande, vinatumwa vikifuatana, upande wa pili vinaungwa kabla jicho halijashtuka. Kipande kikichelewa mtu anaona kiduara kinazunguka. "Mimi nalipwa ili kile kiduara kisionekane." Kila mlipotengeneza kitu kipya ulinipigia. "Skola, panda kichuguu." Maana huku kwetu mtandao uko juu ya kile kichuguu nyuma ya mikorosho, kwingine kote ni kubahatisha. Nasimama pale juu, Stela mgongoni, simu nimeinyoosha, natazama mpira ambao hata nani anacheza na nani sijui, nakuambia imekwama, imeachia, imekwama tena. Vijana wako wakauita mtihani wa Skola. Ikipita Kilimarondo, imepita nchi nzima. Uliniambia bosi wenu aliuliza huyu Skola ana digrii gani, ukamjibu ana kichuguu.

Nilicheka mpaka Stela akaamka. Mimi wa darasa la saba, jina langu linatajwa kwenye ofisi yenye lifti.

Walipokupa umeneja nilidhani utafurahi. Ulisema, "Sasa siandiki programu, mdogo wangu. Nasimamia wanaoandika. Asubuhi napita kwa kila mmoja namuuliza, umekwama wapi?" Nikasema hiyo nayo ni kazi? Ukasema ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu mtu aliyekwama hapendi kusema. Ukawa unaniuliza na mimi. Nikikupigia, hata salamu hujamaliza: "Skola, umekwama wapi?" Nikawa nasema sijakwama popote. Mara nyingi nilikuwa nimekwama.

Na siku za mechi kubwa, watani wanapocheza na nchi yote iko kwenye simu, nilikuwa nasikia nyuma yako watu wanasema video imedondoka, imedondoka. Wewe unasema kwa sauti ya chini, "Tulieni. Mmoja mmoja. Nani amekwama wapi." Hiyo sauti ya chini ndiyo ninayoikumbuka, kuliko hii ya kwenye nguzo. Rukia alitusimulia msibani kwamba siku yako ya mwisho hakuna kilichodondoka. Mechi imeisha, vijana wanapongezana, wanakugeukia wakupe mkono, umekaa kwenye kiti chako na presha imeshakuchukua.

Turudi kwenye neno. Wiki ya kwanza tu lilimpata mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Chitanda. Kasikia "Wakubwa wamefika, tokeni," akajua ni wakubwa wa wilaya. Akavaa koti lake la vikao na kofia, akatoka kuwapokea. Akamkuta dume anakula mipapai yake. Koti lilirudi siku ya pili yake, limeletwa na watoto. Ulicheka mpaka ukakaa chini, ukasema ukirudi Dar utarekebisha. Watu ndio waliokataa. Watoto walishakuwa wanaliigiza njiani, mwenyekiti mwenyewe akawa analisimulia kwenye pombe. Ukasema, "Basi. Kosa watu wakishalizoea linaitwa desturi." Likabaki.

Asubuhi baada ya Mama kubebwa, Baba Stela alipanda akachomoa waya. Ukanyamaza.

Sasa tatizo ni hili. Ulivyonyamaza, wao hawakukoma. Wanakuja, na mnyama mkubwa namna ile anakanyaga kama paka. Juzijuzi walilisukuma dungu la Mzee Chitanda na yeye yumo. Ameanguka, mfupa wa bega umevunjika, kalazwa Nachingwea. Tulipokwenda kumwona alisema, "Marehemu angekuwa anaongea angeniambia." Mahindi yetu bado hayajatoka shambani. Baba Stela kila jioni anapanda dungu lake, na mimi nakaa nyumbani natega sikio. Nikisikia kijiti kimevunjika nashtuka, nisiposikia kitu nashtuka zaidi.

Na Mama kila jioni ananiuliza, "Mbona Deo amenyamaza?" Namwambia waya umekatika. "Waambie wauunge." Nilijaribu kumpima, nikasema labda tuweke sauti nyingine. Hakugomba. Alisema, "Mkimtoa mwanangu pale juu, nirudisheni Nambilanje." Unajua maana yake. Ni ule mlango na ile sahani iliyofunikwa. Akirudi kule, kabla ya mavuno kuisha nitakuwa nimezika wawili.

Nikiwasha, Mama anakwenda kwa tembo. Nisipowasha, tembo wanakuja kwa mume wangu. Nikiibadilisha sauti, Mama anaondoka kwenda kufa taratibu. Leo ungeniuliza, ningekujibu kweli: hapa nimekwama, Kaka.

Naisikia pikipiki. Na kitanda nacho kinalia.

Naendelea, siku kadhaa zimepita. Rukia ameshaondoka, sasa naandika nimetulia kidogo.

Alifika mwekundu kwa vumbi, mkoba wa vifaa tumboni. Alipiga magoti, "Shikamoo Mama," huku suruali yake ya jinsi imefungwa kanga juu, nadhani hiyo kanga aliinunua njiani kwa ajili yetu. Mama akaitikia akauliza huyu ni nani. Mimi nilikuwa nimeshapanga kusema ni mgeni wa Baba Stela. Rukia hakunisubiri. "Mama, mimi nilikuwa chini ya Deo. Sasa nimekalishwa kwenye kiti chake, na sijakizoea." Mama akamshika mkono, hakuuachia. Kisha akamuuliza kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza, "Umekuja kumuwasha?"

Rukia akanitazama mimi. Stela ananitazama mimi. Hata wale kuku, nadhani.

Nikasema kwa Kimwera, ili asije akasingizia hakuelewa. Mama, nimemwita aje abadilishe sauti. Sitaki uende tena kule. Nimemwita mimi.

Hakulia. Aliuachia mkono wa Rukia, akaingia ndani, tukamsikia anakunja godoro. Akamwita Stela amshikie kuku. Stela akanigeukia, anangoja nimwambie ashike au asishike.

Rukia akasema kwa sauti ya chini, yako ile ile, sijui mlifundishana, "Dada Skola, tusibonyeze chochote. Sisi tunajua hiki kitu ni nini. Yeye hakuna aliyemuonyesha." Akachukua ngazi, akapanda nguzo, akakishusha kisanduku kizima kizima, akakiweka juu ya mkeka, akafungua mfuniko. "Mama, njoo umtazame mwenyewe."

Mama alitokea mlangoni na godoro kwapani. Akaliachia likadondoka, akaja, akachuchumaa.

Rukia akawa anaonyesha na mimi namgeuzia kwa Kimwera. Hapa ni jicho. Hapa kitu chake cha kufikiria, kidogo kama ukucha. Hapa mdomo. Mama akapitisha kidole kila mahali, kwenye waya, kwenye betri, akageuza upande wa pili. Akauliza, "Na sikio?"

"Sikio hatukuweka, Mama. Deo alisema halitakuwa na kazi, litakula umeme bure."

Mama akauliza tena, "Kwa hiyo siku ile nilivyokuwa naitika?"

Nikajibu mimi. Hakusikia, Mama.

"Hata kidogo?"

Hata kidogo. Maneno haya aliyasema zamani, wewe uko Nambilanje. Hakujua kama utakuwepo hapa.

Akakitazama kile kisanduku. Sijawahi kumwona Mama akitazama kitu namna ile, Kaka. Halafu akaongea, si na sisi, "Deo sijapata kumuita asiitike. Hata akiwa amenuna, anaitika." Akaufunga mfuniko mwenyewe kwa mikono yake miwili. "Haya ni maneno yake. Yeye hayumo."

Godoro likabaki pale lilipodondoka. Mama akanyoosha midomo kunielekea mimi, akamwambia Rukia, "Muweke huyu. Huyu nikimjibu atasikia."

Akaomba jambo moja, umsemeshe mara ya mwisho, mchana, akiwa amekaa. Rukia akaunganisha waya, akapunguza sauti. Au alidhani amepunguza. Ukaita, "Wakubwa wamefika, tokeni." Stela, mguu mosi mguu pili, yuko ndani chini ya kitanda. Na kule shambani mahindi yakatikisika, mara Baba Stela huyo, panga mkononi, kandambili moja, anahema. "Wako wapi? Wako wapi?" Anazunguka ua mzima anatafuta tembo, anamwona mkwe wake amekaa kwenye mkeka na nguzo haina kitu. Mama akamtazama. Kwa macho kabisa, kwa mara ya kwanza tangu ile siku. "Mkwe," akasema, "hata mchana unakimbia?" Na akacheka, Kaka. Meno yake machache yote nimeyaona. Baba Stela naye akainamisha kichwa, mabega yanamtikisika.

Kisha tukarekodi. Nilisema, "Wakubwa wako shambani. Mlio shambani tokeni, mlio ndani msitoke." Rukia akasema, "Ndefu, dada," akafikiri, akasema, "Acha iwe ndefu. Nafasi nitaibana kwingine." Mara ya kwanza nilinong'ona. Rukia akaniambia unaita watu, husengenyi mtu. Mara ya pili jogoo wa Mama akaingilia. Kwenye Kimwera Mama alinisahihisha kila neno, anasema nimeanza kuongea kama watu wa redioni. Mpaka ikatoka, Rukia akakirudisha kisanduku juu ya nguzo.

Yako haikufutwa. Rukia aliihamishia kwenye simu yangu, akaniambia hiyo ni yenu. Mama amesema nisimfungulie mpaka aombe. Bado hajaomba. Mimi nilipanga nikusikilize nikiwa peke yangu, nikashika simu, nikairudisha mfukoni. Siku yake itafika.

Usiku ule wa kwanza hawakuja, wa pili hawakuja. Nikawa na hofu nyingine. Kumwambia mtu mchana ni rahisi. Lakini jioni inapoingia, na sauti inatoka juu, na mtu ana uchungu wake, miguu inaweza kusahau alichokubali kichwa. Nikawa nalala na kanga nimefunga kiunoni, tayari kukimbia.

Jana jioni walikuja.

Niko jikoni. Nikasikia mwanamke anaita, sauti kali, ya mtu mwenye nyumba. Ilinichukua muda kujua ni mimi. Nikatupa mwiko nikatoka. Stela ameshaingia. Mama amefika mlangoni, mkono mmoja kwenye kizingiti, na hapo akasimama. Akageuka. Anaitazama nguzo.

Hatua kutoka pale jikoni mpaka mlangoni si nyingi, lakini sikuweza kuzipiga. Niliogopa nikimgusa nitamvunja. Kule shambani nasikia mahindi. Baba Stela bado hajatokea. Mama ameitazama nguzo, amekunja uso kama mtu anayesikiliza maongezi ya nyumba ya pili.

Akaita, "Skola."

Nikasema, "Abee, Mama," na miguu ikanibeba mpaka kwake.

Akageuka akanikuta nyuma yake. "Nilikuwa naangalia kama utaitika," akasema, akaingia ndani. Nami nikaingia. Baba Stela akafika anahema, tukafunga mlango. Walikula ile pembe ya shamba ya bondeni, wakaondoka wenyewe. Hakuna aliyeumia. Asubuhi Mama alimpelekea Baba Stela uji shambani, akauweka chini karibu naye, akarudi.

Basi, Kaka Deo. Rukia anasema nyumba nyingine za huku zinataka nguzo, na atarudi na vijana wako wazifunge mvua hazijaanza. Stela anasema akikua atakuwa Rukia, siyo injinia, Rukia. Mahindi yaliyobaki yanatutosha. Nina imani mwaka huu tutaumaliza tukiwa wale wale.

Wewe sasa pumzika. Umeita vya kutosha. Ulikuwa unatuita hata ulipokuwa huna pumzi, sisi tukitoka shambani tukiwa wazima. Niliogopa kwamba nikikutoa pale juu nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Sioni hivyo tena. Nimekupokea mzigo tu, kama tulivyokuwa tunapokezana ndoo tukitoka kisimani Nambilanje, na wewe ulikuwa unapenda kubeba hata kwenye zamu yangu.

Mavuno yakiisha tutakuja wote kujenga kaburi lako. Nakuahidi tutakuja na Mama, na tutarudi naye. Akifika pale atakuita, namjua, hata umwambie nini. Hutaitika. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake, karibu. Nitaitika mimi.

Mdogo wako,
Skola